Okapi ni ndugu wa nani?

Historia fupi ya elimu ya viumbe, kwa wafratri, mapadri na wakatekista



Kila mwalimu wa dini amekwisha kusikia swali hili, ama atalisikia. Kijana anatoka shuleni na daftari yake mkononi, anakaa mbele ya katekista, anauliza: «Mwalimu, shuleni wanasema viumbe vimegeuka polepole kwa mamilioni ya miaka. Kitabu cha Mwanzo kinasema Mungu aliumba kila kiumbe kwa aina yake. Nimsadiki nani?» Katekista mmoja anakasirika, anamwambia anyamaze. Mwingine anacheka, anasema: «Eti babu yako ni nyani!» na darasa lote linacheka pamoja naye. Kijana ananyamaza. Lakini swali halikufa. Limeingia moyoni tu, na siku moja kijana huyo hatarudi tena kwa mafundisho, wala hatamwambia mtu sababu.

Ndiyo maana nimeona vema kueleza hapa historia ya mambo haya. Sitaki kubishana na mtu. Nataka kuonyesha namna watu walivyofika kujua yale wanayoyajua: nani aliona nini, wapi, mwaka gani, na kwa nini wengine walimsadiki. Asiyejua pori huogopa kila sauti ya pori. Vilevile asiyejua njia ya elimu huogopa kila neno la elimu. Nitaanza na nyama wa kwetu, asiyeishi porini katika inchi nyingine yo yote leo, yaani okapi wa misitu ya Kongo.

I. Nyama aliyebadilishwa jina

Wambuti wa Ituri walimjua okapi tangu zamani za mababu. Walijua njia zake, majani anayokula, na mahali pa kumtega. Wenye elimu wa Ulaya hawakuwa na habari zake. Mwaka wa 1890 Stanley aliandika katika kitabu chake ya kuwa Wambuti wanamjua nyama aliye mfano wa punda, hakusema zaidi. Miaka kumi baadaye Harry Johnston, mtawala Mwingereza wa Uganda, aliingia Kongo kuwarudisha kwao Wambuti fulani, ambao mtu mmoja wa Ulaya alitaka kuwapeleka Paris ili watu wawatazame. Johnston aliwauliza juu ya nyama yule, nao wakamjibu vizuri. Katika boma la Mbeni akaona mishipi iliyokatwa katika ngozi yake, yenye mistari myeupe na myeusi.

Johnston aliwaza hivi: ngozi ina mistari, basi huyu ni punda milia wa msituni. Wambuti wakamwonyesha nyayo zake katika matope. Zilikuwa nyayo za kwato zilizopasuka, kama za ng'ombe au za swala. Ninyi mliosoma kitabu cha Walawi mnajua tofauti hiyo: punda hana ukwato uliopasuka. Johnston hakuwasadiki. Alidhani wamemwonyesha nyayo za nyama mwingine. Akapeleka vipande vya ngozi London, na mwanzoni mwa mwaka wa 1901 Bwana Philip Sclater akampa nyama yule jina la kilatini Equus johnstoni, ndiyo kusema farasi wa Johnston.

Mwaka ule ule Karl Eriksson, ofisa Mswede aliyetumika Kongo, akampatia Johnston ngozi nzima na mafuvu mawili. Hapo mambo yakageuka. Kwato zilikuwa zimepasuka, kama Wambuti walivyosema. Na katika taya la chini, jino la chonge lilikuwa limegawanyika pande mbili, kama lile la twiga. Ray Lankester, mkubwa wa nyumba ya makumbusho ya viumbe huko London, akaondoa jina la farasi, akamwita Okapia johnstoni. Mistari iliwadanganya watu. Meno na miguu vilisema kweli. Okapi si ndugu wa punda milia. Okapi ni ndugu wa twiga.

Sasa tusimame kidogo juu ya neno hili «ndugu». Kwetu, nikisema fulani ni ndugu yangu wa ukoo, maana yake tuna babu mmoja, hata kama jina lake limesahauliwa. Je, wenye elimu wakisema okapi ni ndugu wa twiga, wanasema mfano tu, ama wanasema kweli ya kuwa hawa wawili wana babu mmoja? Swali lote la kijana wetu limo humu. Ili tulijibu, yatupasa kurudi nyuma miaka zaidi ya 300, kwa sababu habari za mababu zinakaa katika mawe.

II. Askofu aliyefundisha kusoma mawe

Mwezi wa Oktoba 1666, karibu na mji wa Livorno katika Italia, wavuvi walikamata papa mkubwa, yule samaki mkali wa bahari. Mtawala wa Toscana akaagiza kichwa chake kipelekwe Firenze kwa mganga kijana, Mdenmarki aliyeitwa Niels Steensen. Kwa kilatini anaitwa Steno. Steno alipoyatazama meno ya samaki huyo alikumbuka mawe fulani ambayo watu wa Ulaya waliyanunua kama dawa ya sumu. Mengi yalitoka katika kisiwa cha Malta, yakaitwa «ndimi za mawe». Watu walisimulia ya kuwa Mtume Paulo, alipoumwa na nyoka katika Malta (Mdo 28), aliwalaani nyoka wa kisiwa, na ndimi zao zikageuka mawe. Wengine walisema mawe hayo yameanguka toka mbinguni, ama yameota ndani ya mwamba kama viazi.

Steno aliliweka jiwe kando ya jino, akaona umbo ni moja. Mwaka wa 1667 aliandika ya kuwa mawe hayo ni meno ya papa wa zamani, na mahali yanapochimbwa palifunikwa na bahari hapo kale. Mabaki ya viumbe yaliyohifadhiwa ndani ya mwamba namna hii tunayaita fosili.

Fosili inafanyika hivi. Kiumbe anakufa, na mbele ya kuoza kabisa anafunikwa upesi na mchanga au matope. Maji yanapita ndani ya mifupa, yanaacha humo madini kidogo kidogo, hata mfupa unakuwa mzito na mgumu kama mwamba wenyewe. Jambo hili halitokei mara nyingi. Katika misitu yetu mvua, joto, wadudu na udongo mkali humaliza mifupa mapema. Kwa hiyo asishangae mtu kwamba fosili za msituni ni chache. Elimu ya fosili ni kama kitabu cha ubatizo cha misioni iliyoungua: kurasa nyingi zimepotea, lakini zile zilizobaki zinasomeka.

Mwaka wa 1669 Steno alieleza pia namna ya kuzipanga kurasa hizo. Matope yanayotulia ndani ya maji hulala tabaka juu ya tabaka. Tabaka la chini lilitulia kwanza, la juu likafuata. Basi, pasipo kuwa na kitu kilichopindua inchi, kilicho chini ni cha kale kuliko kilicho juu. Hata mtoto anaweza kufahamu neno hili akitazama ukingo wa mto uliokatwa na maji. Hata hivyo juu ya msingi huu imejengwa historia yote ya dunia. Steno mwenyewe alifikiri miaka elfu chache inatosha kwa matabaka yote. Waliomfuata waliona haitoshi hata kidogo. Mwaka wa 1956 Mmarekani Clair Patterson, akipima madini ya risasi ndani ya mawe yaliyoanguka toka angani, alipata umri wa dunia: karibu miaka milioni 4550.

Na Steno alikuwa nani? Alizaliwa Mluteri. Mwaka ule ule wa 1667 aliingia Eklezya Katolika. Mwaka wa 1675 akapewa upadri, na mwaka wa 1677 uaskofu, akatumwa kuwaangalia Wakatolika wachache wa kaskazini ya Ulaya. Alikufa maskini huko Schwerin mwaka wa 1686. Tarehe 23 Oktoba 1988 Papa Yoane Paulo wa II alimtangaza Mwenye heri. Basi anayedhani elimu ya mawe ilibuniwa na adui za dini, ajue mmoja wa mababa zake ni askofu tunayeweza kumwomba atuombee.

III. Linnaeus na majina mawili

Katika Kitabu cha Mwanzo Adamu aliwapa nyama wote majina. Kazi hiyo haikumalizika, maana kila inchi ina majina yake, na jina moja mara nyingi linatumika kwa nyama mbalimbali. Mtu aliyeleta utaratibu ni Mswede Carl Linnaeus (1707–1778), mtoto wa mchungaji wa Kiluteri. Mwaka wa 1735 alichapisha kitabu chembamba kiitwacho Systema Naturae. Katika chapa ya kumi, ya mwaka wa 1758, kila nyama alipata majina mawili ya kilatini: la kwanza la ukoo, la pili la aina yenyewe. Ndivyo leo simba anaitwa Panthera leo, na chui Panthera pardus: ukoo mmoja, aina mbili. Koo zinazofanana zinakusanywa katika jamaa, jamaa katika kundi, makundi katika darasa. Simba, popo, nyangumi na mtu ni wa darasa moja, kwa kuwa wote hunyonyesha watoto wao.

Linnaeus alikosea mahali pengi. Alimweka twiga pamoja na paa wa Ulaya wenye pembe za matawi. Waliokuja nyuma wakamtoa. Lakini aliacha neno lililowasumbua watu wengi: kwa kutazama mwili tu, alimweka mtu katika kundi moja na nyani, akamwita Homo sapiens, yaani mtu mwenye hekima. Alikuwa mtu wa kumcha Mungu. Alidhani anaandika tu utaratibu wa Muumba, na ya kuwa aina hazigeuki.

Ila tazameni vema utaratibu huo. Aina ziko ndani ya ukoo, ukoo ndani ya jamaa, jamaa ndani ya kundi. Ukiwa na misumari ya kila namna unaweza kuipanga kwa urefu, ama kwa uzito, ama kwa rangi, upendavyo. Viumbe havikubali kupangwa ovyo. Vinajipanga vyenyewe kama nyumba, ukoo na kabila. Kitu gani hapa duniani hujipanga namna hiyo? Ni watu waliotoka kwa babu mmoja. Linnaeus aliandika ukoo wote bila kuuliza habari za babu.

IV. Nyama waliopotea

Siku za Linnaeus karibu wote waliona haiwezekani aina moja ipotee. Waliwaza ya kuwa viumbe ni mnyororo, na Mungu hataacha pete moja ikatike. Mifupa mikubwa ilipofukuliwa katika Amerika, Thomas Jefferson, aliyekuwa baadaye Presidenti wa Marekani, alisadiki ya kuwa wenye mifupa hiyo wanaishi bado mahali fulani katika mapori ya magharibi.

Aliyelimaliza neno hili ni Mfaransa Georges Cuvier. Mwaka wa 1796, akiwa na umri wa miaka 26, alisimama mbele ya wenye elimu huko Paris kuwaeleza juu ya meno ya tembo. Jino la gego la tembo wa Afrika lina mistari inayofanya umbo la almasi. La tembo wa Asia lina mistari myembamba iliyolala sambamba. Kwa hiyo hawa ni aina mbili. Kisha alionyesha mifupa iliyotoka katika baridi ya Siberia, ya yule anayeitwa mamothi: haikuwa ya tembo wa Afrika wala ya tembo wa Asia. Yuko wapi sasa? Panya aweza kujificha, tembo hawezi. Cuvier akatoa neno: aina hiyo imetoweka kabisa.

Kutoka siku ile waliopotea walianza kufufuka katika vitabu. Mwaka wa 1878 wachimba makaa ya Bernissart, katika Ubelgiji, walikuta katika kina cha meta 322 mifupa mingi ya nyama wakubwa wa jamaa ya mijusi, walioitwa Iguanodon. Waliohifadhiwa vema wamesimamishwa katika nyumba ya makumbusho huko Bruxelles. Leo tunajua ya kuwa sehemu kubwa sana ya aina zote zilizopata kuishi duniani haziko tena, na ya kuwa mara kadhaa nyingi zilipotea pamoja kwa muda mfupi. Mara ya mwisho ilikuwa miaka milioni 66 iliyopita. Mwaka wa 1980 Luis Alvarez na mwanawe Walter walieleza ya kuwa jiwe kubwa toka angani liligonga dunia wakati huo. Baadaye shimo lake lilitambulika katika Meksiko, chini ya inchi ya Yucatán.

Cuvier hakukubali ya kuwa aina zinageuka. Lakini alipofungua matabaka ya Steno aliona jambo moja wazi: kwa kadiri unavyoshuka chini, viumbe vinazidi kuwa vigeni kwetu, kwa kadiri unavyopanda juu, vinazidi kufanana na vya leo. Watu wakauliza: wapya walitoka wapi?

V. Mageuko

Mwaka wa 1809 Mfaransa Lamarck alijibu ya kuwa aina zinageuka, akatoa mfano wa twiga: kwa kunyosha shingo yake kila siku apate majani ya juu, shingo imerefuka, na watoto wakairithi. Jibu lilikuwa na kosa. Mfua chuma ana mikono yenye nguvu kwa sababu ya nyundo, lakini mtoto wake hazaliwi na mikono hiyo.

Mwingereza Charles Darwin alisoma Cambridge ili awe mchungaji wa kanisa lao. Tangu 1831 hata 1836 alizunguka dunia kwa meli. Katika Amerika ya Kusini alichimba fosili za nyama wakubwa wenye gamba gumu, na katika inchi ile ile aliona nyama wadogo walio hai wenye gamba la namna hiyo. Kwa nini wafu wa mahali wanafanana na walio hai wa mahali pale pale? Aliliwaza neno hilo miaka zaidi ya 20. Mwaka wa 1858 mwenzake Alfred Wallace alimwandikia toka visiwa vya mashariki, naye amefikia jibu lile lile. Mwaka wa 1859 Darwin akachapisha kitabu chake juu ya asili ya aina.

Wazo lake si gumu. Mama zetu wanalijua shambani. Mama anayetaka kupanda maharagi hatwai mbegu ovyo. Anachagua zile zilizozaa vizuri, zilizovumilia mvua nyingi au jua kali. Akifanya hivyo yeye, na binti yake, na mjukuu wake, maharagi ya kijiji kile yatakuwa mbali na maharagi ya kijiji kingine. Darwin alisema: porini hakuna mama wa kuchagua, lakini uchaguzi uko. Wanaozaliwa ni wengi kuliko wanaoweza kuishi. Hawalingani: mmoja ana mbio zaidi, mwingine rangi yake yamficha, mwingine anavumilia ugonjwa. Wanaofaa mahali wanazaa zaidi, na watoto wanarithi. Ukiacha jambo hili litendeke miaka si mia, bali milioni, kundi moja likitengwa huku na jingine kule, mwisho utakuta aina mbili.

Darwin hakujua urithi unakwenda namna gani. Siku zile zile, mtawa mmoja wa shirika la Mtakatifu Augustino, Padri Gregor Mendel, alikuwa akipanda njegere katika shamba la monasteri huko Brno. Alihesabu maelfu ya mimea, na mwaka wa 1866 alichapisha sheria za urithi: kila mtoto hupokea kwa baba na kwa mama vitu vidogo visivyochanganyika kama maji na maziwa, bali hukaa vizima, hata vikijificha kizazi kimoja na kuonekana tena katika kingine. Hakuna aliyemsikiliza. Alikufa mwaka wa 1884, na ni mwaka wa 1900 tu watu walipoelewa. Leo vitu hivyo tunaviita jeni, na bila kazi ya mtawa huyo wazo la Darwin lingalikuwa na mguu mmoja.

Sasa turudi kwa okapi. Shingo ya twiga ina mifupa saba. Ya okapi, ijapokuwa fupi, ina saba vilevile. Katika kisiwa cha Samos, Ugiriki, walichimba fosili za nyama wa jamaa hiyo, anayeitwa Samotherium: shingo yake si fupi kama ya okapi, wala si ndefu kama ya twiga, bali iko katikati. Na mwaka wa 2016 wenye elimu waliosoma jeni zote za twiga na za okapi walitoa hesabu ya kuwa njia zao ziliachana yapata miaka milioni 11 iliyopita. Meno, mifupa, mawe na jeni ni mashahidi wanne wasiojuana, nao wanasema neno moja. Basi «ndugu» si mfano tu. Jamaa hiyo ilikuwa kubwa zamani, imeenea Ulaya, Asia na Afrika. Wamebaki twiga katika mbuga na okapi katika misitu yetu.

Na mtu? Hakuna mwenye elimu asemaye mtu ni mtoto wa nyani tunaowaona leo. Nyani na sisi, kwa upande wa mwili, ni kama watoto wa ndugu: babu wa pamoja amekufa zamani. Fosili za kale za jamaa yetu zimetoka hasa Afrika. Yule wa Ethiopia, aliyefukuliwa mwaka wa 1974 na kuitwa Lucy, alitembea kwa miguu miwili miaka zaidi ya milioni 3 iliyopita. Anayewacheka waliosoma habari hii, anacheka historia ya bara lake mwenyewe.

VI. Eklezya ilisema nini?

Tusifiche neno: wako wengi katika Eklezya walioogopa. Mwaka wa 1896 Padri John Zahm, mwalimu wa Notre Dame katika Marekani, aliandika kitabu kuonyesha ya kuwa mageuko na imani vinaweza kukaa pamoja. Mwaka wa 1898 wakubwa wa Roma waliamua kitabu hicho kikatazwe, ijapokuwa amri yao haikutangazwa. Lakini kitabu cha Darwin juu ya asili ya aina hakikuandikwa hata siku moja katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa.

Mafundisho ya zamani yalikuwa na nafasi zaidi kuliko woga wa watu wa karibu. Mtakatifu Augustino, katika kitabu chake juu ya maneno ya Mwanzo, aliwaonya Wakristu wasiseme upuzi juu ya mbingu, nyota na nyama wakidai ni Maandiko yanayosema hivyo. Kwani mpagani ajuaye mambo hayo atacheka, na hatasadiki tena tukimwambia habari za ufufuko. Mwaka wa 1943 Papa Pio wa XII alifundisha ya kuwa msomaji wa Biblia lazima atafute kwanza namna ya kusema ya watu wa kale. Tarehe 12 Agosti 1950, katika barua Humani generis, aliruhusu wenye elimu wachunguze kama mwili wa mtu umetoka katika kiumbe hai kilichotangulia, akishika ya kuwa roho ya kila mtu imeumbwa na Mungu mwenyewe. Tarehe 22 Oktoba 1996 Yoane Paulo wa II aliwaambia wenye elimu wa Akademia ya Papa ya kuwa mageuko sasa ni zaidi ya wazo la kujaribia.

Kitabu cha Mwanzo kinasema mtu alifinyangwa kwa udongo. Hakisemi udongo huo ulipita njia gani, wala miaka mingapi. Nayo elimu ya mifupa haiwezi kusema kwa nini kuna kitu badala ya kutokuwa na kitu, wala kwa nini yatupasa kumpenda maskini. Kila mmoja abaki na kazi yake.

VII. Waliopotea machoni petu

Historia hii haikwishi katika mawe. Katika kisiwa cha Mauritius aliishi ndege mnene asiyeruka, aitwaye dodo. Mabaharia Waholanzi walimwona mwaka wa 1598. Mbele ya karne ya 17 kwisha, hakuwapo tena. Sisi nasi tuna dodo wetu. Katika Garamba, kaskazini ya Kongo, waliishi vifaru weupe wa kaskazini. Mwaka wa 1984 walihesabiwa 15 tu. Walinzi walifanya kazi nzuri, wakafikia 30 hivi. Kisha vita na wawindaji wa pembe wakawamaliza. Dume wa mwisho wa aina hiyo ya vifaru alikufa Kenya mwezi wa Machi 2018. Nyuma yake walibaki majike wawili, mama na binti.

Na okapi? Mwaka wa 1992 Serikali ilitenga hifadhi yake katika Ituri. Tarehe 24 Juni 2012 watu wenye silaha walivamia kituo cha Epulu, wakaua watu, wakaua na okapi 14 waliofugwa pale. Mwaka wa 2013 aina yenyewe iliandikwa kati ya zile zilizo katika hatari ya kutoweka.

Cuvier alitufundisha ya kuwa aina ikipotea hairudi. Darwin alitufundisha ya kuwa kila aina ni kazi ya miaka milioni nyingi. Mtu mwenye bunduki aweza kuimaliza katika umri wa mtu mmoja. Mwaka wa 2015, katika barua Laudato si', Papa Fransisko alisikitika kwa ajili ya viumbe tunavyovipoteza, ambavyo havitamtukuza tena Mungu kwa kuishi kwao. Asiyejua ukoo wa okapi atasema: ni nyama tu, tumle. Ajuaye atasema: huyu ndiye ndugu pekee wa twiga aliyebaki duniani, naye amewekwa mikononi mwetu.

Basi, katekista mwenzangu, siku kijana atakapoleta swali lake, usimcheke. Mwambie: «Umeuliza vema. Keti». Mweleze habari za jino la papa na za njegere za Padri Mendel. Mweleze hasa habari za Wambuti, waliomwonyesha mtu mwenye elimu nyayo za kweli ndani ya matope, naye akakataa kuziona kwa sababu alikuwa na jibu lake tayari. Kosa hilo lamfaa kila mmoja wetu, mtu wa elimu na mtu wa dini pia. Nyayo zilikuwa pale. Ilimpasa kuinama tu na kuzitazama.